Mdomo Unaouma na Mdomo Unaobeba

Watu wa mtaa wa Nyakabiga walimjua Moubarak kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Alikuwa mfasiri wa filamu. Katika nyumba ya video yenye mabenchi ya mbao, aliketi kando ya skrini na kipaza sauti mkononi. Filamu ikisema Kichina au Kihindi, yeye aliisema kwa Kiswahili cha Bujumbura. Hakuwa mtu mwovu. Aliswali, hakunywa, aliwalisha wanawe kwa jasho lake. Lakini kazi ilikuwa imemzoesha jambo moja: filamu ikipwaya, aliijaza kwa maneno yake. Aliwabatiza watu wa kwenye skrini majina ya mtaani. Jambazi alipewa jina la kinyozi, askari mwoga jina la fundi wa baiskeli, na watu walicheka mpaka machozi kwa sababu kinyozi mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma. Huo ni mzaha wa watu wazima, wanaojua kuuacha mlangoni wanapotoka.

Jumamosi mchana chumba kilikuwa cha watoto. Wazazi waliwaacha pale wakaenda sokoni, bila kuuliza wanaonyeshwa nini. Kwao, katuni ni katuni, haina madhara. Huo ni uvivu, na uvivu wa mzazi anayeulipia ni mtoto.

Jumamosi moja ya kiangazi Moubarak aliletewa katuni ya mbwa. Hakuitazama kwanza. Aliiwasha tu, akashika kipaza sauti.

Ilikuwa kazi mbovu. Mbwa walielea juu ya barabara, miguu haigusi chini. Rangi zilimwagika nje ya mistari. Midomo ilifunguka hata pale ambapo hakuna aliyesema. Mbwa mmoja wa kijivu, aliyepotezana na bwana wake, alitembea muda mrefu huku duka lilelile likimpita nyuma tena na tena, kwa kuwa waliochora walikuwa wamechoka kuchora duka la pili. Mtu anayewatengenezea watoto kitu kibaya kwa sababu ni watoto tu, huyo anawadharau, hata akiwapakia rangi zote za dunia.

Watoto walipiga mabenchi kwa visigino. Wengine waliinuka kutoka. Joëlla, msichana wa miaka tisa aliyekaa mbele kabisa, akageuka.

"Moubarak, hizi mbwa zimeshakufa? Tuzizike basi."

Chumba kizima kilimcheka mfasiri, naye hakuzoea kuchekwa yeye. Ndipo alipompa mbwa wa kijivu jina la Komanda.

Komanda alikuwa mbwa wa kweli. Alifungwa kwa mnyororo kwenye geti mwisho wa kichochoro hichohicho, na aliyemtunza alikuwa Jovithe, zamu mzee aliyelinda nyumba ile usiku na mchana. Watoto walipita mbele ya geti kila siku, mbwa akiwatazama tu. Moubarak akawaambia kwamba Komanda hula watoto wa Nyakabiga, huanza na vidole. Waliokuwa mlangoni wakarudi kukaa. Kila mbwa wa kijivu alipotokea, walimzomea kwa jina.

Karibu na mwisho, mbwa wa kijivu alianguka mtoni. Wenzake wakajitosa, wakamshika shingo na masikio kwa meno, wakamvuta. Katika filamu iliyotengenezwa vizuri, hata mtoto mdogo angeelewa, maana amemwona mbwa jike akibeba watoto wake hivyohivyo. Lakini wachoraji wale hawakujua kutofautisha mdomo unaouma na mdomo unaobeba, na maji ya jioni waliyapaka rangi nyekundu. Moubarak mwenyewe hakuwa na hakika ya alichokiona. Akachagua kile kitakachowapendeza. Alisema mbwa wote wameungana kumkomesha Komanda, na kila mmoja alete meno yake. Watoto walisimama juu ya mabenchi wakapiga makofi.

Walitoka wakiwa moto, wakaanza kuokota mawe kabla hawajafika kwenye geti.

Jiwe la kwanza lilimpata Komanda ubavuni, la pili jichoni. Mbwa alikimbia nyuma ya nguzo, mnyororo ukazunguka nguzo, ukafupika, akabaki amebanwa pale shingo ikiwa juu. Mawe yaliendelea kumshukia. Damu ilimtoka puani. Watoto walipiga kelele zilezile za chumbani, na kila jiwe lililompata lilishangiliwa. Kisha Joëlla, aliyekuwa jasiri kuliko wenzake, alichukua kipande cha tofali akasogea karibu ili asikose. Mbwa ambaye hakuwahi kuuma mtu alimdaka mkono juu ya kiwiko, akauma mpaka mfupa.

Jovithe alikuwa uani akipika. Alikuja mbio na rungu. Alimpiga mbwa kichwani, mbwa hakuachia. Akamshika msichana begani kwa mkono mmoja asije akavutwa, akainua rungu tena kwa mkono wa pili. Shati lake lilikuwa limelowa damu ya msichana na ya mbwa.

Hapo ndipo wanaume walipotoka katika kilabu cha jirani. Walichokiona ni mzee mwenye rungu juu na mtoto chini analia. Mbwa alikuwa upande wa pili wa nguzo. Mmoja akasema zamu anaua mtoto, na neno hilo likatosha.

Walimnyang'anya rungu wakampiga nalo mwenyewe. Alianguka. Waliompiga mateke walivaa viatu vya kazi. Meno yake mawili yalitoka, na jicho la kushoto likafumba kwa damu. Mwanamume mmoja aliondoka kwenda kutafuta petroli, na hakuna aliyemzuia.

Moubarak alikuwa ameona yote akiwa mlangoni, tangu jiwe la kwanza. Alikimbia akipaza ile sauti inayojulikana na kila mtu, akisema mzee alikuwa anamwokoa mtoto, alikuwa anapiga mbwa.

"We Moubarak, acha kutafsiri," mmoja akamwambia. "Tumeona na macho."

"Wallahi, mi nimeona kila kitu."

"Wallahi uliapa pia juzi, ukasema ule Muchina ni shemeji ya kinyozi."

Walicheka, huku wakipiga. Moubarak alisema tena, kwa Kiswahili, kwa Kirundi. Hakuna aliyegeuka. Alipoona yule mwanamume anarudi na chupa mkononi, aliacha kusema. Alijitupa juu ya Jovithe, akamfunika kwa mwili wake wote. Rungu lilimvunja mtulinga. Teke lilimpasua sikio. Walimvuta miguu, naye akajishikiza kwenye mkanda wa mzee, akawa anapigwa kwa ajili yake.

Médiatrice, mama yake Joëlla, alifika akitoka sokoni. Alimkuta mwanawe chini ya ukuta, mkono umening'inia. Mbwa alikuwa ameachia, amelala. Mama alimuuliza nani amemfanya hivi.

"Mbwa. Muzee alikuwa anamupiga aniachie."

"Na mbwa alifanywa nini?"

"Tulimupiga mawe. Mimi pia."

Médiatrice alimbeba, akapita naye kati ya wanaume wale, akamtaka ayarudie maneno hayo mbele yao. Msichana akayarudia. Rungu lilishuka. Mwenye chupa aliificha nyuma ya mgongo. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuomba radhi.

Komanda alikufa palepale kwenye nguzo. Joëlla alishonwa mkono, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa. Jovithe alilazwa hospitali huko Kamenge, akatoka na jicho moja.

Alipotoka, mwenye nyumba hakutaka kumrudisha kazini. Maneno yalikuwa yamesambaa kwamba zamu wake alimshambulia mtoto. Jovithe hakuwa na pengine pa kulala ila pale kwenye geti. Shauri likapelekwa kwa bashingantahe, wazee wa mtaa wanaoaminiwa kuamua kesi.

Moubarak alifika wa kwanza, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Wazee walipouliza nani ataeleza, alisimama. Alikuwa na haki ya kutegemea kusikilizwa. Mifupa yake ilikuwa imevunjika kwa ajili ya mtu yule.

Jovithe aliinua mkono kabla Moubarak hajaanza.

"Mwili wake ulinifunika," alisema. "Namushukuru mbele yenu, na nitamushukuru mpaka nife. Lakini maneno yake mi siyataki. Akinisemea yeye, kesho watasema ni mchezo. Aseme mutoto."

Mzee mmoja alimtazama Moubarak, akamwonyesha benchi. Moubarak akaketi.

Joëlla alisimama mbele na bendeji yake. Alisema kwa sauti ndogo, akikwama, akisema walichofanya wenzake na alichofanya yeye, bila kuongeza kitu. Wazee walimuuliza mara mbili, akajibu vilevile. Wakaamua Jovithe arudi kwenye geti siku hiyohiyo, na kila mzazi aliyekuwa na mtoto kichochoroni amwombe radhi kwa kinywa chake.

Moubarak alisikiliza mpaka mwisho, mgongo umeinama, mkono mzima juu ya goti. Hakuna aliyemuuliza neno.