Komodo za Pikipiki ya Papa

Ilianza Jumapili, saa nane ya mchana, mwaka wa pili wa vita ya pili ya huku kwetu, papa alipoingiza pikipiki yake katikati ya saluni, chumba chetu cha wageni, na kusema kwamba mimi ndiye nitashika nyaya kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba. Sikujibu. Nyumbani wanajua kwamba nikinyamaza nimekubali. Kanisani wanafikiri mimi ni bubu.

Pikipiki ile ilikuwa na umri kunishinda. Komodo zake, yaani vile visanduku viwili vya usukani vyenye swichi ya taa, honi na kuzimia injini, papa alikuwa amezifungua mwenyewe askari walipoingia mjini, akazificha ndani ya gunia la makala ya kupikia. Hapa mtaani kwetu Kadutu wengi walifanya hivyo. Mmoja alificha gurudumu, mwingine kaburata. Pikipiki isiyowaka askari hawahangaiki kuichukua. Ila tulipozifukua, kutu ilikuwa imekula shaba yote. Tonton, mdogo wa maman, akatutafutia zingine, za pikipiki ya aina nyingine, na nyaya zake zilikuwa na rangi ambazo sisi hatukuwa nazo.

Papa alikuwa anafundisha fizikia kwenye sekondari moja karibu na Lwiro. Magari ya huko yalikuwa hayapiti tena, na prefe, mkuu wa shule, alikuwa ametuma neno: asipoonekana Jumatatu, masaa yake atapewa mwalimu mwingine. Tulikuwa tunakula hayo masaa.

Alichora mchoro wa umeme kwa chaki juu ya sima, saruji ya sakafuni. Ulikuwa mchoro mzuri. Maman aliuruka kila alipokwenda jikoni, na papa akawa anamwambia, "Maman, usikanyage masi." Masi ni waya unaorudi kwenye chuma cha pikipiki. Mimi nilichuna nyaya kwa wembe, nikazisokota mbili mbili jinsi alivyoniamuru, nikazifunga kwa vipande vya mpira wa gurudumu.

Papa akapiga teke pedali ya kuwashia. Kimya. Akapiga mpaka akavua shati la misa. Nikawasha taa, nione tu kama balbu ni nzima. Akapiga tena, ikanguruma, saluni ikajaa moshi. Nikazima taa. Ikafa. Nikawasha, akapiga, ikanguruma.

"Ni makosa," papa alisema. "Waya wa kuzimia injini umeingia kwa swichi ya taa. Taa ikizimwa, moto wote unaenda kwa masi."

"Inatembea?" maman aliuliza.

"Inatembea. Lakini ni makosa."

"Basi acha makosa itembee."

Papa alikuwa ameshazima taa na kushika koleo ili afungue kila kitu alipoingia askari mmoja, wa wale waliokaa katika nyumba ya chini yetu. Alikuwa amesikia mlio.

"Muzee, pikipiki iko wapi?"

Mwenyewe alikuwa karibu kuiegemea. Papa akamwonyesha. Askari akaipanda palepale saluni, bunduki mgongoni, akapiga teke. Taa ilikuwa imezimwa. Ilikuwa mchana, nani angewasha? Alipiga mpaka jasho likamtoka.

"Buji imekufa," alisema, yaani ile plagi ya kutoa cheche.

Nilimtazama papa. Alikuwa na ule uso anaokuwa nao pale mwanafunzi anapoandika jibu baya ubaoni. Niliujua, maana ni yeye aliyenifundisha hesabu.

"Hapana, afande," papa alisema. "Buji iko muzima. Ukiangalia vizuri, ile muvutano ya umeme..."

Maman akakohoa. Papa akaendelea, hata akainama kutafuta chaki. Kwa hiyo niliongea. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Papa, ni buji."

"Buji?"

"Buji."

"Kumbe mutoto anajua," askari alisema. "Muzee, weye unafundishaka nini?"

"Fizikia."

"Aa."

Akashuka, akaomba maji, akanywa, akasema tukiitengeneza tumwite. Alipoondoka, alikanyaga masi.

Wakati wa chakula cha jioni papa alinieleza kazi ya buji, mwanzo hadi mwisho. Maman alikuwa amekalia koleo.

Kesho yake asubuhi nilivaa iniforme ya shule, nikaisukuma pikipiki kwa nyuma, papa akishika usukani. Yule askari alikuwa nje, anapiga mswaki.

"Bado buji?"

Papa alifungua mdomo. Nikamjibu mimi: "Bado, afande." Tukaendelea kusukuma, tukakunja kona, tukapita kanisa, tukafika pale ambapo kelele za soko zinafunika kila kitu. Papa akawasha taa juani, akapiga teke moja, akaenda. Mimi nikasugua grisi mikononi kwa mchanga wa mtaro, nikapanda kilima kwenda shule.