Marinda ya Baba

Baridi ya kwetu Uru, huku mlimani, mwezi wa saba inaweza kugandisha uji ukiwa bado mafigani. Naongeza chumvi, lakini si nyingi. Katika baridi hiyo baba yangu alijifungia chumbani, akakataa kutoka hata uani. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya tezi dume, akarudi nyumbani na mpira wa mkojo, mfuko wake umefungwa pajani. Suruali ilibana mpira, na mpira ukibanwa, mzee aliyewahi kujing'oa jino kwa koleo bila kuguna alilia machozi.

Tulijaribu msuli. Msuli ni vazi zuri kwa mtu ambaye mikono yake haina kazi. Akiinama unafunguka, akisimama lazima aushike.

"Sasa watu nitawasalimia kwa meno?" aliniuliza.

Basi akabaki ndani. Kanisani hakwenda, kwa jirani kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, hakwenda. Kilichomkondesha hasa kilikuwa Krismasi. Kwetu, Krismasi ukoo wote unapanda mlimani, mbuzi anachinjwa kihambani, kati ya migomba na mibuni, na mkubwa wa ukoo anasimama na kisu mbele ya watu wote kumgawia kila mmoja sehemu yake. Mkubwa alikuwa baba. Asiposimama, kisu kinakwenda kwa mdogo wake, na kikishakwenda hakirudi.

Mimi nauza mitumba sokoni Pasua, huko chini mjini. Mwezi wa kumi na moja nilifungua belo la majaketi, likanitapikia sketi nzito ya sufu, ya drafti za kijani na bluu, mbele bapa, nyuma marinda tele, na ubavuni mikanda miwili ya ngozi. Nina cheti cha shule ya jioni, nilichokipata nikiwa na mvi za kutosha kuwa mkuu wa shule, kwa hiyo kibandiko nilikisoma mwenyewe bila mkalimani: vazi la wanaume, Skotlandi. Siku hiyo hiyo nikafunga biashara, nikapanda nayo nyumbani.

"Hii si ya wasichana wa sekondari?" baba akauliza.

"Ya wanaume, baba. Wenzetu huko wanafungia ndoa nayo."

"Na wanazaa?"

"Mbona wapo tele? Kila siku wanapanda mlima wetu."

Akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Tukajifunza pamoja. Inafungwa juu kiunoni, si kwenye nyonga. Ukitaka kukaa, unapitisha kiganja nyuma, unalaza marinda kwanza. Ndani unavaa kaptura laini, maana sufu inawasha kama upupu. Mfuko ukajificha, mpira haukubanwa na kitu. Wiki ile ile nilimkuta kihambani na sketi yake, koti la suti na buti za mvua, anakata majani makavu ya migomba kwa mikono yote miwili. Alipendeza kama balozi wa nchi ambayo bado haijapata uhuru.

Krismasi ikafika, akatoka nje. Uani nadhani hata kuku walisimama. Baba mdogo ndiye aliyeanza.

"Shikamoo, kaka. Naona umeanza fomu wani. Shule ya masista?"

"Marahaba. Ya masista, ndiyo. Wewe walikukataa kwa sura." Akanyoosha mkono. "Mwanangu kasoma ya jioni, mimi nimechukua ya mchana. Lete kisu."

Watu walicheka mpaka kahawa ikapukutika mitini. Akagawa shingo, mbavu, miguu, hakumsahau hata bibi harusi aliyeletwa juzi. Kidari akampa baba mdogo, naye akakipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, nikaiona ile mikanda ya ngozi. Matundu ya fundi yalikuwa yameisha, ametoboa mengine kwa msumari. Nikajiambia sufu imetanuka. Mtu mzima, mwenye cheti!

Aliivaa kila siku, kanisani, mashineni, hospitalini. Kila nilipopanda Uru nilikuta tundu jipya.

"Inanikaa vizuri," alisema, "kuliko suruali zote za ujana wangu."

Masika yalipoanza akafariki. Wazee wakasema suti, tukamzika na suti. Mpira ulikuwa umeshatolewa. Suruali haikumbana tena.

Krismasi iliyofuata kisu kilikuwa mkononi mwa baba mdogo. Mbuzi yuko tayari juu ya majani ya migomba, watu wamekaa, lakini hagawi. Akaniita kando.

"Nenda kavae ile ya kaka. Hapa alipokuwa anasimama pamekuwa patupu, mimi siwezi kugawa."

Nikaingia chumbani kwa baba. Mimi ni mnene, mizani ya kahawa inanijua. Nilivuta tumbo mpaka likagusa uti wa mgongo, na mkanda ukakubali tundu la kwanza kabisa, lile la fundi. Matundu ya msumari yakabaki wazi, yamepangana kiunoni kwangu. Nikagusa la mwisho. Kati yake na lile nililofunga, kiganja changu kizima kilienea.

"Umekwama, mwanangu?" baba mdogo akaita kutoka nje.

"Nakuja, baba."

Nikapitisha kiganja nyuma, nikalaza marinda, nikakaa kwanza kitandani kwake.