Waliokuja Kumliwaza Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikaa eda Mwabungo, katika nyumba ya mumewe, nami nikashuka kutoka Mkongani kwenda kukaa naye. Mihogo yangu niliwaachia ngedere. Mtu hamwachi nduguye peke yake miezi minne na siku kumi, akizitazama kuta. Mumewe alikuwa askari. Aliuawa ng'ambo ya mpaka, gari lao lilipokanyaga bomu lililofukiwa barabarani, na wakubwa wake wakamrudisha ndani ya jeneza lililofungwa, na agizo juu yake: lisifunguliwe.

Agizo hilo ndilo lililobaki ndani ya nyumba baada ya mazishi. Kwetu sisi maiti huoshwa, huvikwa sanda, na mke humtazama mumewe kwa mara ya mwisho. Mdogo wangu hakuona hata ukucha. Jeneza lilikaa sebuleni muda wa kusomewa dua tu, kisha wanaume wakaliinua wakaenda nalo makaburini, na sisi wanawake tukabaki ndani kama ilivyo ada. Hakuuliza kitu. Nilidhani hana la kuuliza, na hapo nilijidanganya, maana mwenye kovu usidhani kapoa.

Nyumba ile ina baraza ya saruji mbele, chini kabisa ya dirisha la chumba alichokalia eda. Marehemu alipokuwa likizoni alipenda kuiona imejaa watu. Matanga yalipoanuliwa, rafiki zake walikubaliana kwamba nyumba isiyo na mwanamume isiachwe ikapooza. Kila siku baada ya alasiri wakaja, wakakaa. Fundi mmoja wa mafriji, mtu wa kuzunguka mahoteli ya Diani na mfuko wake wa vyuma, ndiye aliyekuwa akileta dele la kahawa na kashata, na hakumwomba mtu mchango. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema, na mimi sibishi. Walikuwa watu wema. Ninalisema hilo mapema kwa sababu yanayofuata ni ya hasira.

Watu wema hao walikuja kuzungumza vita.

Si vita vilivyomuua mwenzao. Hivyo hawakuvitaja hata siku moja, kwa heshima. Walizungumza vya watu wengine, vya mbali, vilivyojaa kwenye simu zao, kwa kuamini kwamba msiba wa mgeni haumuumizi mfiwa. Walichagua pande kama wanavyochagua timu za mpira, na upande mmoja ukipigwa, waliokuwa wakiushabikia walitaniwa mpaka magharibi. Vifaru walivijua kwa majina. Ndege zisizo na rubani walijua zinafika wapi na zinabeba nini. "Hapo hasara ni ndogo, wamekufa wachache tu," utamsikia mmoja akisema, na mwenziwe anacheka, na kahawa inamiminwa. Watu hao hao, mbuzi wa jirani akigongwa na bodaboda, hutoa pole wiki nzima.

Mdomo wangu hauna kufuli. Nilijitanda leso nitoke, mdogo wangu akanishika mkono.

"Waache, dada. Wametuletea kahawa."

"Kahawa hata Mkongani ipo."

"Yeye angefurahi kuwaona hapo. Usinifukuzie wageni wake."

Nikakaa. Nilimwambia basi tuhamie chumba cha nyuma, akakataa. Cha mbele ndicho kilichokuwa chake na mumewe. Kufunga dirisha nako hakukufaa, kwa joto lile tungeiva. Na yeye mwenyewe, akiwa edani, hakuweza kutoka wala kupaza sauti kwa wanaume wasio maharimu wake. Wale nje nao walijua hivyo, kwamba mwenye eda hasikiki. Kwamba anasikia, hilo halikumjia mtu.

Alasiri moja fundi alikuja na kipande kipya cha video. Sisi tulikuwa ndani, mdogo wangu akipepeta mchele. Tukasikia injini ya gari, kisha mlipuko. Wakakirudisha, kila mmoja aone. Mlipuko tena. Wakakirudisha tena. Halafu fundi akaeleza, kwa sauti ile ile anayoelezea friji iliyokufa: "Bomu la namna hii, wallahi, aliyekuwa mle ndani hupati hata cha kuzika."

Mikono ya mdogo wangu ikasimama juu ya ungo. Punje chache zikamwagika miguuni kwake, hakuziokota.

"Dada," akasema. "Sisi tulizika nini?"

Hasira ikanipanda. Nikajitanda leso, nikatoka.

Nilitoa salamu, maana adabu ni adabu hata moto ukiwaka. Wakaitikia vizuri, wakanisogezea nafasi. Sikukaa.

"Nina swali," nikawaambia, "na si langu, ni la mwenye nyumba. Anauliza alizika nini."

Wakatazamana. "Una maana gani, dada?" fundi akauliza.

"Amesikia kwamba aliyekuwa ndani ya gari kama hilo hapatikani wa kuzikwa. Dirisha hili hapa liko wazi tangu siku ya matanga. Yote mliyoyasema ameyasikia. Hata lile la kwamba wamekufa wachache tu, amelisikia. Mumewe alikuwa katika wachache."

Fundi akailaza simu kifudifudi juu ya saruji. "Lakini hatukumsema yeye. Tuliwasema wale wa huko."

"Na wale wa huko hawana wake?"

Wakaondoka bila kumaliza kahawa. Niliingia ndani nimejaa ushindi, nikitarajia kushukuriwa, nikamkuta mdogo wangu amejilaza kaukabili ukuta. Kesho yake baraza ilikuwa tupu, na kesho kutwa. Swali lake halikuondoka na wale wanaume. Alikula kijiko kimoja kimoja kwa kunionea haya. Kisha akaniambia, kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio, kwamba eda ikiisha atakwenda kuomba kaburi lifukuliwe, ajue.

"Ukute nini, mdogo wangu?"

"Chochote. Hata mawe. Nijue ninayemwombea dua yuko pale."

Niliogopa. Nilijua hawatamruhusu, nikajua pia kwamba akikataliwa hatakuwa mtu tena.

Siku iliyofuata fundi akaja peke yake, hana dele wala simu mkononi. Akabisha hodi, akaketi barazani akilipa dirisha mgongo. Nilisimama mlangoni, tayari kwa lolote.

"Shemeji, asalaam aleikum," akasema. "Nimekuja kutaka radhi. Ulimi wangu umeniponza, na wewe umekuumiza." Kisha akaendelea. "Siku ile nililibeba jeneza. Unajua yalivyo mazishi yetu, kila mtu anataka thawabu, tulipokezana kutoka mlangoni hapa mpaka kaburini. Mimi nilirudia na kurudia, alikuwa rafiki yangu. Lilikuwa zito, shemeji. Alikuwamo mtu mzima. Na nilishuka kaburini kumpokea. Tuliyemzika ni mumeo."

Halafu mdogo wangu, ambaye tangu siku ya mazishi hakuwa amemwambia mwanamume wa nje hata neno, akauliza kupitia dirishani:

"Wallahi?"

Mtu huyu nilikuwa nimemsikia akiapa juu ya mpira, juu ya vifaru, juu ya bei ya gesi ya friji. Safari hii alichelewa. Alizitazama kucha zake, akazitazama tena.

"Wallahi," akasema.

Mdogo wangu akalia, akalia kama mtu aliyefiwa siku ile, na mimi nikalia naye. Jioni akala wali. Habari ya kufukua kaburi hakuitaja tena mpaka leo. Wanaume walirudi barazani, na sasa huzungumza samaki na mpira. Mgeni akianza habari za nani kapigwa wapi, fundi humwambia, "Hapa ni nyumbani kwa mtu," basi.

Ila alasiri ile ya kiapo nilimsindikiza fundi mpaka barabara ya lami. Siku ya mazishi mimi nilikuwa nimesimama kwenye dirisha lile lile. Mdogo wangu alikuwa chini, uso ndani ya leso, hakuona. Nililiona jeneza likitoka. Lilipita juu ya mikono yao haraka haraka, na upande wa mbele fundi alilishikilia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika kofia yake isipeperushwe na upepo.

Tulipofika barabarani nilimwambia nililoliona. Hakukana. Aliivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi niombee, dada," akasema.