Mshiriki wa Saba

Hofu ilinishika ukumbini, saa nne na nusu asubuhi, pale mtu wa kiwanda alipoinua nakala ya ripoti yangu nikaona amebandika vijikaratasi vya manjano kwenye kurasa zake. Vilikuwa vingi. Ripoti niliiandika mwenyewe, lakini sikuwahi kuisoma kwa bidii namna ile. Nilimtazama akilamba kidole na kufungua ukurasa.

Lakini haieleweki nikianzia hapo. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea mambo ya mazingira, nimepanga chumba Kyambogo. Wazazi wangu ni Wakenya waliokuja Kampala kuuza vipuri vya magari, kwa hiyo nina Kiswahili cha nyumbani na Kiganda cha kuombea chenji. Mada ya utafiti niliyompelekea msimamizi wangu ilijaa maneno makubwa: uendelevu, maendeleo, vizazi vijavyo. Msimamizi aliisoma akiwa wima mlangoni mwa ofisi yake, mkoba begani, akanirudishia kama mtu anayerudisha chai iliyopoa.

"Hapa umeleta pande mbili zinazopigiana kelele," alisema. "Wenye viwanda wanasema ajira, watu wa mazingira wanasema kinamasi. Umemuuliza mtu anayefanya kazi kiwandani na kulima kinamasini?"

Nilisema bado.

"Basi nenda kamtafute."

Nikaenda. Chini kule Bugolobi, ukishaziacha zile fleti na miti yake, viwanda vinaanza, na nyuma ya viwanda kuna kinamasi kilichobaki. Nilichagua kiwanda kimoja cha kutia rangi vitambaa, ambacho sikitaji jina. Getini kulikuwa na mlinzi mzee, mwanajeshi mstaafu, aliyefurahi mno kusikia Kiswahili changu. "Kalibu, nyabo, kalibu sana!" aliniambia, akiniita bibie kwa Kiganda, kisha akanieleza kwamba hana ruhusa ya kuongea na wanafunzi, na hakuongea. Alinionyesha tu njia ya kuzunguka ukuta.

Nyuma ya ukuta ndipo nilipomkuta. Alikuwa mwanamke wa Kinubi, wa wale ambao mababu zao waliletwa huku na jeshi la wakoloni kutoka Sudan, mtu mzima, mwenye leso kichwani na matope hadi magotini. Alikuwa akipalilia mayuni, yale majimbi ya majani mapana yanayopenda maji. Saa mbili kila asubuhi aliingia kiwandani kusuuza mapipa ya rangi. Kabla ya hapo, na Jumapili, alilima. Nilimwanzia kwa Kiganda, naye akanisikiliza kwa subira kisha akacheka.

"Hiyo Luganda yako inachechemea, bambi, maskini. Ongea Kiswahili. Wenzangu hawa wa shamba Kiswahili hawasikii vizuri, na kule ndani mimi naongea Luganda tu."

Alichagua Kiswahili ili ajifiche. Naomba jambo hilo likumbukwe, maana mimi nililisahau.

Tuliongea asubuhi tatu. Aliniambia kwamba mvua kubwa ikianza, kuna koki ya tangi inafunguliwa na maji ya rangi yanaachiwa kinamasini, mvua iyasombe. Alijua kwa sababu yeye ndiye hutumwa kusuuza tangi likishakuwa tupu. Mayuni ya mstari wa mwisho yalikuwa na majani yenye kingo za zambarau, na hayo hakuwapa watoto wake. Nilipomuuliza, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitaka, kama kiwanda kifungwe, alinikazia macho.

"Kifungwe, mimi nakula nini? Wachimbe shimo ingine ya maji mbaya, basi. Wewe usiandika ati mama anataka kiwanda ifungwe. Na jina yangu usiweka. Wakijua ni mimi, kazi imekwisha, na hii shamba pia, maana iko kwa ardhi yao."

Nilimwapia. Nilimsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, akaweka sahihi, nikampa nakala yake. Nyumbani nikafuta jina, umri, idadi ya watoto, hata leso niliifuta. Akawa Mshiriki wa Saba. Nilijiona mtafiti kwelikweli.

Msimamizi alirudisha rasimu ikiwa na wino mwekundu pembeni: mahojiano yalifanyika kwa lugha gani? Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa ripoti iliandikwa kwa Kiingereza na msomaji anahitaji kujua kilichotafsiriwa. Nikachora jedwali zuri, lenye mistari. Washiriki kumi na wanne: Kiganda, Kiganda, Kiingereza, Kiganda, na kuendelea. Kwenye namba saba nikaandika Kiswahili. Nikachapisha Wandegeya, nikasubiri kibandani huku nikila rolex, chapati yangu ya mayai, na mwenye duka akibana nakala kwa waya. Idara yetu ina desturi ya kurudisha matokeo kwa kila mahali tulikopita, ili watu wasiseme tunachukua tu. Kwa hiyo nakala ya kiwanda niliipeleka mimi mwenyewe, kwa miguu yangu miwili. Yule mzee wa getini aliipokea, akaweka sahihi kwenye daftari langu, akasema kitabu ni kizuri, kina uzito.

Sasa turudi ukumbini. Siku ile tulikuwa tunawasilisha mbele ya walimu na wageni, na mgeni wangu alikuwa afisa wa mazingira wa kiwanda. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Alisifu kazi. Alisema mjadala unahitaji vijana. Kisha akafungua penye kijikaratasi.

"Mshiriki wa Saba anajua mambo ya tangi letu kwa undani," alisema kwa Kiingereza safi. "Na naona hapa kwenye jedwali kwamba huyu peke yake alihojiwa kwa Kiswahili."

Niliona lile jedwali kwa macho yake. Nilikuwa nimemvua mama yule kila kitu cha kumtambulisha, kisha nikamwachia kitu kimoja tu mkononi, chenye kutosha.

"Kwetu sisi," akaendelea, "Kiswahili ni lugha ya walinzi. Kuna mmoja alikuwa jeshini. Ni yeye?"

Nitasema ukweli, hata kama unanichafua. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Hakumfikiria mama. Hakujua kwamba msuuza mapipa wake anajua Kiswahili. Nafuu ile ilidumu kama pumzi mbili, halafu nikaelewa nilikuwa nimesimama wapi. Nikisema si mlinzi, ataanza kutafuta mwingine, na kiwanda kile si kikubwa. Nikinyamaza, mzee ameisha.

Msimamizi alisimama kwa kasi. "Mtafiti haruhusiwi kujibu swali hilo."

"Naelewa," alisema yule afisa, akafunga ripoti taratibu. "Lakini hajakataa."

Watu walipiga makofi mwishoni. Msimamizi alinivuta pembeni akaniambia nitoe safu ile ya lugha kabla nakala haijaenda maktaba, na kwamba kosa ni lake pia. Sauti yake haikuwa thabiti, na mimi niliyezoea kumwogopa niliogopa zaidi kumwona anaogopa.

Siku tatu sikutoka chumbani isipokuwa kununua mkate. Simu ikilia nilikuwa naiangalia tu. Nilijiambia labda hawatafanya lolote, labda walikuwa wakitania, labda afisa amesahau. Nilijua hakuna mtu anayebandika vijikaratasi vile halafu akasahau.

Siku ya nne nilidamka nikaenda. Getini alikuwepo kijana mrefu nisiyemjua, mwenye viatu vipya. Nikamuuliza yuko wapi yule mzee.

"Mzee wamemsimamisha," alisema. "Wanamuuliza uliza maneno. Wewe ni nani wake?"

Nikasema si mtu wake. Nikazunguka ukuta, nikateleza mara mbili kwenye tope.

Mama alikuwa kwenye mstari wake wa mwisho, anang'oa mayuni ambayo hayajakomaa. Alikuwa amejaza gunia nusu. Hakuniitikia salamu. Aliendelea kung'oa.

"Wanasema mzee aliongea na mwanafunzi," alisema hatimaye. "Mzee hakuongea na mtu."

Nikamweleza yote pale pale: jedwali, afisa, swali. Nilikuwa nalia, na nililia kwa sauti mbaya, ya mtoto. Aliniacha nimalize.

"Ulisema ni yeye?"

"Sikusema, mama."

"Ulisema si yeye?"

"Sikusema."

Alinyoosha mgongo. Alinitazama na sikuona hasira usoni mwake. Niliona woga, uleule wangu, ila wa kwake ulikuwa na sababu nzuri zaidi. Alitazama ukuta, akatazama gunia, akasema kwa sauti ndogo, si kwangu hasa, kwamba mzee ndiye aliyekuwa akimfungulia njia ya nyuma asubuhi ili asizunguke, na kwamba mke wake ni mgonjwa.

Kisha akaenda mferejini akanawa miguu. Alinawa vizuri, kisigino na vidole, kama anakwenda kusali. Akavaa ndala, akafunga leso upya.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa ofisi. Naambia huyo bwana ni mimi. Unakuja? Wewe umesoma. Mimi nikiona wakubwa, maneno inanipotea. Wewe utasema vile niliongea, ati sikusema kiwanda ifungwe. Hiyo tu."

Hakuniomba nimtetee wala nibebe lawama. Aliniomba nisimame kando yake, niseme alichosema, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeisomea miaka mitatu.

"Nakuja, mama," nilimwambia. "Tangulia."

Akatangulia. Alipofika kwenye kona ya ukuta aligeuka kuangalia kama nafuata, nami nikainua mkono kumwonyesha kwamba nipo. Sikupiga hatua. Nilikuwa nawaza kuhusu yule afisa mpole, kuhusu chuo kupigiwa simu, kuhusu cheti changu, kuhusu wazazi wangu ambao ni wageni katika nchi hii. King'ora cha saa mbili kililia. Nilisubiri mpaka kikanyamaza, kisha nikatafuta boda nikarudi Kyambogo.

Ripoti ilipita. Safu ya lugha niliitoa, na aliyeandika maoni ya mwisho alisifu jinsi nilivyolinda siri za washiriki. Nilirudi kinamasini mara moja tu kabla ya mahafali, nikakuta mtu mwingine analima ule mstari, akaniambia kwa Kiganda kwamba hamjui aliyekuwepo kabla yake.

Mzee nilimwona tena getini, siku nyingine, nikipita na boda. Walikuwa wamemrudisha kazini. Alinitambua kutoka mbali, akanyanyuka kwenye kiti chake, akanipungia mkono kwa furaha na kuita, "Nyabo! Kalibu!" Nilimwambia mwenye boda aongeze mwendo.