Nyama safi ya kukata niliyomtafutia mke wangu huku Likasi, na sahani aliyoona aibu kuikataa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Vijana, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Nimesoma humu uzi wa vijana wanaotafuta ham na salami, nyama za kukatwa na kuliwa baridi, zisizo na sukari wala dawa, eti diet yao inataka chakula kizima tu. Wengine mkawacheka, mkasema ni maringo ya wenye pesa.

Mimi sikucheka. Nitawaeleza yaliyonipata, na sitaongeza hata neno.

Shida yangu ilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka ishirini na sita. Ni huku Likasi, Kongo, siku zile nchi inaitwa Zaire. Nilikuwa kibarua kiwandani Shituru, kwenye shaba. Shule niliishia darasa la tatu. Mkiona makosa ya kuandika mnyamaze, nimelisha watu wengi kuliko nyinyi wenye digrii.

Mke wangu aliitwa Ngoie. Mwanamke wa kucheka sana, hata akiteka maji utamsikia toka mbali.

Siku moja alikula nyama ya kopo iliyotoka kwenye posho yetu. Midomo ikavimba, koo likabana. Nikambeba hospitali. Akapona, ikarudi tena kwa soseji ya mjini. Ikarudi tena kwa mchuzi uliotiwa vidonge vya supu.

Daktari akaniita pembeni. Akasema mwili wa Ngoie unakataa vitu wanavyotia kwenye chakula kisioze au kipate ladha, na yeye hajui ni kipi hasa. Kwa hiyo asile cha kopo, asile cha pakiti, asile soseji. Ale tu kile anachojua kilivyotoka shambani au kwa mnyama.

"Siku atakosea sana, hamtafika hapa." Hayo maneno ninayo hadi leo.

Sasa mtasema, si rahisi tu, apike kwake ale kwake?

Hamjui maisha ya camp. Nyumba za kampuni zimebanana, wanawake wanapika nje, sahani zinatembea mlango kwa mlango. Na kwenye matanga wote wanakula beseni moja. Ukikataa chakula cha matanga, umesema aliyepika ni mchawi. Hakuna maana nyingine.

Ngoie akaanza kukataa. Mwanzo walimtania. Halafu jirani yetu Mama Kalenga, rafiki yake wa damu, akamwambia bombani mbele ya wote:

"Ngoie, sema tu. Siye tuko balozi?" Huku kwetu balozi ni wachawi.

"Hapana, yaya, dada yangu. Ni mwili yangu."

"Mwili yako inajua sahani yangu tangu lini? Jana ilikuwa inalamba!"

Wakacheka. Ngoie naye akacheka. Akafika nyumbani akaweka ndoo chini, akaniambia:

"Bwana, njaa naiweza. Kukaa peke yangu siiwezi. Unitafutie nyama ya kukata na kisu, ya kula baridi, nibebe, nikae nabo nikule."

Alikuwa na akili. Kwenye matanga wanawake wenye nafuu kidogo walikuja na mkate na soseji ile nyekundu ya kukata. Akiwa na yake, angefanana nao.

Nikaanza kutafuta. Mjini kulikuwa na Mgiriki mwenye buchari. Nikamwomba anitengenezee bila dawa. Akasema bila ile poda ya kutunza rangi nyama inakuwa ya kijivu, nani atanunua? Nikasema mimi. Akageukia mteja mwingine.

Ndipo nikaenda kwa Baba Saidi, Mwislamu wa kutoka Maniema, mwenye duka la chumvi na mafuta. Kwao walikausha nyama ya ng'ombe wa sikukuu.

"Paja nzima, haina mfupa," akaniambia. "Chumvi, ndimu, pilipili. Basi. Mutu akikuambia ongeza kitu, muulize jina ya hiyo kitu. Akishindwa, toka."

Moshi nikajifunza kwa wajomba zangu wavuvi kule ziwa Tshangalele, wanaobanika samaki. Paja la kwanza likaoza. La pili likawa soli ya kiatu. La tatu nikalikata jembamba, nikampa.

Akala. Tukakaa tunaangaliana, mimi namtazama midomo.

Hakuna kitu.

"Iko kama mukanda ya polisi," akasema, "lakini ongeza."

Hapo tulipata zaidi ya mwaka mmoja mzuri. Kila matanga anakwenda na kitambaa chake. Wengine walinuna, lakini alikaa nao.

Halafu mume wa Mama Kalenga akafa kwa malaria.

Mimi nilikuwa kazini, haya niliambiwa. Ngoie alifika na kitambaa chake, akakifungua. Mama Kalenga, macho mekundu, akamtazama.

"Hata leo, Ngoie? Hata matanga ya bwana yangu?"

Ngoie akakunja kitambaa. Akamega bukari, ugali wetu, akachovya kwenye beseni la mchuzi wa vidonge, akala nao.

Lori lililombeba halikumfikisha hospitali akiwa hai.

Kwenye matanga ya Ngoie nilikataza kopo na vidonge. Paja lililokuwa linaning'inia jikoni nililishusha mwenyewe, nikalikata lote. Mama Kalenga alikaa chini, hakuna aliyemsogelea. Nikampelekea kwa mkono wangu. Akala polepole.

"Ni hii tu alikuwa anakula?"

"Ni hii."

"Baba, hii tungeikula siye bote."

Nikamkatia kipande kingine.

Funzo langu ni fupi. Mtu wako asipoweza kula chako, badilika wewe, ule chake. Msimwachie mgonjwa kazi ya kuwaomba radhi.

Na nyinyi wa diet: rangi nyekundu si dalili ya usafi. Kama muuzaji hawezi kutaja kila kilichomo, nunua mnofu mzima, choma, upoze, kata mwenyewe.

Mwenye mgonjwa wa aina hii aandike hapo chini, tusaidiane. Mwenye matusi naye aandike, nina umri wa kuyasoma nikinywa chai.

Mkiniuliza mimi ni nani hata niseme: waliokula paja siku ile ya matanga walirudi kuuliza wapi inauzwa. Leo nina buchari moja Likasi. Nina banda la moshi la matofali. Nina nyumba mbili, moja nimepangisha. Nina ng'ombe wachache kwa wajomba. Nina kisu chembamba ambacho Ngoie alikuwa anabeba kwenye kitambaa chake.

Mke sina.