Dari ya Vipele

Mume wangu alipokufa, shamba la serikali lilinipa wiki mbili nihame. Alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, na nyumba ilikuwa ya kazi. Barua ilisema nikiikabidhi katika hali nzuri, nitapewa lori la kunirudisha kwetu Mbulu, mimi, mtoto wangu wa miezi saba na vyombo vyetu. Nisipoikabidhi vizuri, lori hakuna. Na kilichokuwa kibaya katika nyumba ile ni dari.

Nyumba walijengewa wataalamu wa Kizungu, na dari ikapigwa lipu ya vipele kama mgongo wa chura. Sijui nani aliwadanganya kwamba dari inahitaji vipele. Kila kipele kilishika vumbi la makapi ya ngano, na juu yake masizi ya kibatari na ya jiko langu, maana mvua ikinyesha nilipikia ndani.

Utasema, si ungewaita majirani? Mwenzangu, kwetu Wairaqw nyumba yenye msiba haiingiwi. Waliofiwa hukaa peke yao kwa miezi, hawashiriki chombo na mtu. Kanisani tulikuwa tumeambiwa mambo hayo yamekwisha. Majirani zangu waliimba vizuri sana makaburini, kisha wakaanza kunisalimia kutoka nje ya uzio. "Pole, mama." "Nimeshapoa." Unga waliuacha hapo hapo, wakaenda zao. Sikuwachukia. Hata hiyo nguvu ya kuchukia sikuwa nayo.

Haya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliweka kigoda juu ya meza nikapanda, mtoto nikamketisha kwenye beseni chumba cha pili. Nikaanza vibaya, nikalowesha kwanza. Masizi yakawa uji mweusi, yakaingia katikati ya vipele na kunidondokea machoni. Siku nzima ikapotea. Ilipokauka, nilifagia polepole kwa ufagio laini, halafu ndipo nikapitisha kitambaa chenye maji ya sabuni, nikigongagonga tu, maana ukisugua vipele vinakatika. Chokaa niliyopewa stoo niliikoroga nzito, nikatia chumvi ili ishike. Kila kipele kilitaka brashi pande zote, la sivyo ukisimama dirishani unaona weusi. Siku sita. Shingo iligoma kuinama. Sikulia, wala sikumfikiria marehemu. Nilifikiria kipele kinachofuata. Nilisikia wanasema nina moyo mgumu. Moyo upi?

Msimamizi wa nyumba alikuwa mtu wa kwetu, tena mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele na kutukemea tuache mila ya kuwatenga wafiwa. Na kazini hakuwa na mchezo, aliwahi kumkatalia fundi mmoja nyumba kwa doa la mafuta ukutani. Nilimwogopa.

Alikuja asubuhi. Nilikuwa nimeuacha mlango wazi kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Alisimama nje ya uzio, akatoa karatasi ya makabidhiano, akaisaini juu ya goti lake.

"Karibu ndani uangalie, mzee."

"Hakuna haja. Naamini ni safi."

"Uangalie dari."

"Lori litakuja kesho, mama." Akaiweka karatasi chini, akaigandamiza kwa jiwe.

Sijawahi kumpigia kelele mtu wa umri wa baba yangu, kabla ya hapo wala baada yake. "Ingia! Siku sita nimeangalia juu! Ingia hata hatua moja!" Majirani wakatoka kuangalia. Alivua kofia, akasema pole sana, akaondoka. Lori nilikuwa nimelipata, na sikulitaka tena. Nilitaka mtu aingie ndani ya nyumba ile. Nikakaa kizingitini nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka mtoto naye akaanza kulia ndani.

Kesho yake lori likaja. Dereva alikuwa rafiki wa mume wangu, mtu aliyekula kwangu kila Jumapili. Alinisalimia dirishani, hakuzima injini wala hakushuka. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikakifungua kitanda chetu mbao moja moja, nikakipandisha mwenyewe.