Taa Nyekundu Iliyonihama Nikizunguka

Jamani, taa niliyoiona mbele yangu kwenye mzunguko wa kumi na tatu, kwenye wa kumi na nne haikuwepo.

Msicheke. Nilikiona kifo mchana kweupe.

Mimi naitwa Annika, nacheza balei, ile ngoma ya Kizungu ya kusimamia ncha za vidole, kwenye kampuni ndogo ya mji wetu, jimbo la Iowa, Marekani. Jumamosi ile televisheni ya umma ilikuja kurekodi onyesho letu la hadithi ya kale, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyecheza nafasi ya binti mfalme.

Binti mfalme anazunguka mara thelathini na mbili kwa mguu mmoja. Ili usipate kizunguzungu, unachagua kitu mbele yako, na kila mzunguko macho yanakirudia. Sisi tuna kitaa kidogo cha ukutani, mwisho kabisa wa ukumbi. Watu wa televisheni wakakifunika kitambaa cheusi, eti kinaharibu picha.

Nikaona kamera ya katikati ina taa nyekundu. Nikajisemea, hii ndiyo yenyewe. Kwenye mazoezi ilitulia pale pale.

Kumbe taa ile huwaka kwenye kamera inayochukua picha wakati huo tu.

Wakabadili kamera. Taa ikazimika katikati, ikawaka kushoto kabisa. Macho yakaifuata, mwili nao ukafuata macho, nikawa nasogea ukingoni mwa jukwaa.

Niliogopa mpaka mate yakakauka. Mbele ya jukwaa kuna shimo wanamokaa wanamuziki. Mwaka juzi Corinne, mchezaji mwenzetu, alidumbukia humo, goti likasagika, leo anauza maua. Nikasikia kiatu kinagusa ukingo.

Mara kitu cheupe kikachomoza mbele yangu. Sikujua ni nini. Nikakikazia macho kama mtoto aliyeng'ang'ania gauni la mama yake sokoni, nikaacha kusogea, nikamaliza zote.

Wakati wa mapumziko, Bi Rosalind, mkurugenzi wetu, akaja amefura. Televisheni wanalalamika kwamba Mzee Brandvold, kiongozi wa wale wanamuziki wa shimoni, alipanda juu ya kiti, kichwa chake chenye mvi kikaziba picha.

Mzee huyo alikuwa amenigombeza msimu mzima kwamba nachelewa mdundo. Nikaona hapa ndipo pa kumkomoa.

"Ananichukia," nikasema, mzee mwenyewe akisikia. "Ameniharibia makusudi."

Mzee akafunga kifimbo chake cha kuongozea muziki kwenye kitambaa.

"Samahani, binti."

Wiki ile ile akaachishwa kazi.

Mwezi wa Machi onyesho likarushwa kwenye televisheni. Tuko sebuleni na mama, sahani za viazi mapajani, kile kichwa kikatokea. Nikasonya.

Mama akarudisha picha nyuma.

"Annika, hebu tazama mikono yake."

Kifimbo hakuwa nacho. Wanamuziki walikuwa wanapiga wenyewe. Mzee amesimama juu ya kiti, kichwa hakitikisiki, mikono yote miwili ameitandaza ukingoni, chini ya miguu yangu, tayari kunidaka.

Kile kitu cheupe kilikuwa kichwa chake.

Nikaweka sahani chini. Nikampigia simu nikilia.

"Mzee wangu, mbona hukusema?"

"Ulikuwa bado na sehemu ya mwisho ya kucheza. Ungejua ulivyokaribia kuanguka, ungeichezaje?"

"Na baadaye je?"



"Baadaye hukuniuliza. Na ule mzunguko wa ishirini na nane ulichelewa."

Sasa wewe unayemnunia mzee mkali kazini kwako, kabla hujamsema vibaya, kaulize siku ile unaanguka yeye alikuwa amesimama wapi. Mimi nimeuliza nikiwa nimeshamfukuzisha.